Chawa na Utitiri wa Mbuzi: Maswali ya Wafugaji wa Mombasa

Mbuzi wangu anajikuna ukutani mchana kutwa. Je, ni chawa au utitiri?

Mpeleke penye jua na umpekue manyoya ya shingoni na mgongoni. Chawa huonekana kwa macho, na mayai yao meupe hushikamana na manyoya. Utitiri ni mdogo mno. Utakachokiona ni madhara yake, yaani ngozi iliyokauka na kuwa nene yenye magamba, hasa usoni, masikioni na miguuni. Daktari wa mifugo huthibitisha kwa kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini.

Watoto wangu hucheza naye. Wataambukizwa?

Chawa wa mbuzi hawaishi mwilini mwa binadamu. Utitiri wa upele unaweza kumwasha mtu mikononi kwa siku kadhaa, ingawa haudumu kwetu.

Nilimwogesha dawa, baada ya wiki tatu chawa wakarudi. Niliuziwa dawa bandia?

Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi kosa si la muuzaji. Dawa nyingi huua chawa bila kuyaua mayai, nayo huanguliwa baada ya siku 8 hadi 12 hivi. Ndiyo maana mbuzi huogeshwa tena baada ya wiki mbili, kabla chawa wapya hawajakomaa na kutaga. Ni lazima mbuzi wote wa banda waogeshwe siku moja, hata wasiojikuna, na wale wa Majengo au Kisauni wanaoshinda mitaani wakichanganyika na wa jirani hawatapona iwapo jirani hakutibu wake. Jambo jingine ni aina ya chawa: sindano ya ivermektini huwafikia wanaofyonza damu pamoja na utitiri, ilhali wanaotafuna magamba ya ngozi huwapata kidogo tu, na hao huhitaji dawa ya kuogeshea au kumwagia mgongoni. Ukitumia amitrazi, ambayo ni dawa ya kuogeshea, isimguse punda wa mkokoteni, kwani ni sumu kwake.

Oili chafu ya gari je?

Hapana. Huunguza ngozi, na mbuzi akijiramba huinywa.

Mbuzi wa Idi anaweza kutibiwa?

Anaweza, mradi achinjwe baada ya kupita siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Maziwa nayo yana masharti yake, na baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa mbuzi anayekamwa.