Ile njia ya Regent's Canal SIO barabara ya baiskeli, jamani

Juzi tena mwanafunzi kaniuliza, mwalimu, ile njia ya kando ya mfereji wa Regent's Canal si ndo barabara ya baiskeli, mbona watembea kwa miguu wanajazana katikati? Nafundisha watu wazima kuendesha baiskeli hapa London, wengi ni ndugu zetu wa Dar, Mombasa na Zanzibar, na hilo swali nimelisikia mpaka nimechoka, sasa bora niandike niwe namtumia kila anayeuliza.

Sio barabara ya baiskeli. Baiskeli zinaruhusiwa, basi, ila anayetembea ndo mwenye haki ya kwanza. Mfereji ulikamilika 1820 na ile njia ilitengenezwa kwa ajili ya farasi wa kuvuta boti za mizigo, farasi na kamba yake na mtu wa kumwongoza, ndo maana ukifika chini ya madaraja unakuta pamebana, dari limeinama na huoni anayekuja upande wa pili. Ukipita daraja la Macclesfield Bridge, pale Regent's Park karibu na bustani ya wanyama, hebu shuka uzishike zile nguzo za chuma. Chuma kimelika, kuna mikato kidole kinaingia, na kilichokata ni kamba tu, imelowa maji imeshika mchanga, inasugua palepale miaka na miaka. Tena mikato iko pande mbili, maana 1874 boti iliyobeba baruti ililipuka hapo chini, daraja likajengwa upya kwa nguzo zilezile ila wakazigeuza, kamba ikaanza kula upande mwingine. Sasa mahali palipopimwa kwa farasi mmoja wewe unataka kupita mbio na mama ana kigari cha mtoto?

Halafu lile la kengele, hilo ndo linanikera kuliko yote: "nimepiga kengele, yeye ndo hakupisha." Ndugu yangu, kengele ni hodi. Ukipiga hodi unasubiri uambiwe karibu, huingii tu. Mtu kaziba masikio anasikiliza muziki, au mzee hasikii vizuri, ukimkurupusha kwa nyuma anaruka upande wowote, na upande mmoja ni maji. Mimi nawafundisha hivi: punguza mwendo mapema, vidole viwe kwenye breki, kengele mara moja, akigeuka msalimie upite polepole. Chini ya daraja unagonga kengele kabla hujaingia, na ukiona mtu yumo ndani simama, weka mguu chini, apite yeye. Una haraka ya kuwahi kazini? Pita barabarani, sio huku.

Mwingine ananiambia, "Maji mafupi, hata nikianguka nasimama." Sehemu kubwa ni kweli kina ni kama mita moja na kitu, lakini chini ni tope na vyuma, maji ni ya baridi kali, na kwenye loki, yale malango ya kupandisha na kushusha boti, kuna kina kirefu na kuta zimenyooka, huna pa kushika.

"Siku hizi mfereji hauna kazi." Unayo. Chini ya kipande cha hiyo njia, kutoka St John's Wood, zimelazwa nyaya za umeme wa volti 400,000 tangu 1979 na maji ya mfereji ndo yanazipoza.

Na wale wanaodhani unanyoosha tu kutoka Little Venice mpaka Limehouse, mwanzo hadi mwisho wa mfereji, hapana. Handaki la Islington, ambamo mfereji unapita chini ya ardhi, lina mita 878 na ndani hamna njia kabisa. Ukitokea Camden panda juu pale Muriel Street, pitia Chapel Market ukiikokota baiskeli, ushukie Colebrooke Row. Farasi nao walipandishwa hukohuko juu, huku chini wanaume wamelala chali kwenye boti wanasukuma kuta kwa miguu mpaka watokee upande wa pili.