Harufu ya Lozi Ikipotea Majini, Sumu Imekwenda Wapi?

Nitrobenzeni inanukia vizuri, na hatari yake inaanzia hapo hapo. Ni kimiminika cha njano hafifu, cha mafutamafuta, chenye harufu ya lozi chungu. Mafundi viatu wa zamani wangeitambua, kwani ilitumika kwenye rangi na dawa za kung'arishia viatu. Huko Ulaya katika karne ya 19 ilitiwa hata kwenye sabuni kwa ajili ya harufu hiyo. Mjerumani Eilhard Mitscherlich aliitengeneza mwaka 1834 kwa kuchanganya benzeni na asidi ya nitriki. Viwanda vya leo hufanya karibu vilevile, ila huongeza asidi ya salfuriki ili kazi iende haraka.

Sehemu kubwa kabisa ya nitrobenzeni hugeuzwa kuwa anilini, na anilini ndiyo chanzo cha rangi za nguo, baadhi ya dawa, na sponji ngumu inayojazwa ndani ya kuta za majokofu. Hivyo bidhaa zake zinatufikia sote, hata kama kemikali yenyewe hatujawahi kuiona. Makala haya hayasemi kwamba ipo katika maji ya Kigoma. Yanaeleza tabia yake, kwa sababu mji huu ni bandari, una reli inayotoka Dar es Salaam, na una ziwa lisilosamehe upesi.

Nianze na madumu. Dumu au pipa lililobeba kemikali ya kiwandani, hata likioshwa kwa sabuni mara kadhaa, si chombo cha maji. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha karibu gramu 1.9 za nitrobenzeni, yaani dumu la lita 20 linaweza kuficha takribani gramu 38 huku maji yakionekana safi. Kuchemsha hakusaidii. Kemikali haivunjiki kwa moto wa jiko, na sehemu yake itatoka na mvuke hadi mapafuni mwa anayepika. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu tu. Tena haihitaji kunywewa, maana inapenya ngozi. Ikishaingia mwilini hugeuza madini ya chuma yaliyomo katika chembe nyekundu za damu, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Midomo na kucha huwa za bluu, kichwa huuma, pumzi hukatika, na dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Maziwa, ambayo wengi wetu hukimbilia, hayairudishi damu hiyo katika hali yake. Mgonjwa avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi, apelekwe hospitali. Hospitalini ipo dawa ya kuirekebisha damu, iitwayo methilini buluu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, nalo limeiweka nitrobenzeni katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Ikimwagika kwenye maji mengi inakuwaje? Mfano unaojulikana ni wa China. Tarehe 13 Novemba 2005 kiwanda cha kemikali kililipuka katika mji wa Jilin, na takribani tani 100 za benzeni, nitrobenzeni na wenzao zikaingia mto Songhua. Harbin, mji wa mamilioni ya watu ulio kando ya mto huo, upande yanakoelekea maji, ukakatiwa maji ya bomba kwa siku nne. Kiwango cha nitrobenzeni kilichoruhusiwa huko kilikuwa miligramu 0.017 kwa lita, na mto ulikuwa umekipita mara nyingi. Mafundi walimwaga unga wa mkaa maalumu, ule wenye vitundu vingi vya kunasa kemikali, kwenye mlango wa mitambo ya maji. Mkaa huo hauivunji nitrobenzeni, unaishika tu. Ila Harbin walikuwa na bahati moja: mto unatembea. Wimbi la sumu lilifika, likapita.

Tanganyika haipiti. Maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka, mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaoyatoa, na kina chake kinafikia meta 1,470. Nitrobenzeni ni nzito kuliko maji, hivyo mafuta yake yasiyoyeyuka huzama. Na chini huko, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, hakuna oksijeni. Hapa ndipo kemia inapokuwa na neno.

Ili kuiteketeza kemikali ya namna hii, kwa kawaida tunaishambulia kwa oksijeni au jamaa zake. Lakini kundi la nitro, yaani naitrojeni moja na oksijeni mbili, lililopachikwa kwenye duara la benzeni, lenye kaboni sita, huvuta elektroni upande wake, na duara likipungukiwa na elektroni, vishambulizi havipati pa kushika. Hata ozoni peke yake huenda nayo polepole mno. Wanakemia hulazimika kuzalisha kishambulizi kikali zaidi, radikali ya haidroksili, kwa kuchanganya chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi, au kwa kumulika titani dioksaidi kwa mwanga wa urujuanimno. Hiyo huivunja kwelikweli, lakini ni kazi ya mitambo, si ya ziwa zima.

Njia nyepesi ni ya kinyume: badala ya kuinyang'anya elektroni, unaipa. Mwaka 1854 Mfaransa Antoine Béchamp aliifanya hivyo kwa vipande vya chuma na asidi. Chembe za chuma zilizofukiwa ardhini hufanya hivyohivyo kwa maji machafu yanayozipitia, na salfaidi, kemikali ya salfa ambayo hupatikana kwenye maji yasiyo na oksijeni, nayo huweza ikisaidiwa na mabaki ya viumbe vilivyooza. Harufu ya lozi inapotea. Kinachobaki ni anilini, nayo ni sumu ya damu vilevile. Kwangu mimi, anayetangaza kwamba maji yamesafika kwa sababu nitrobenzeni haionekani tena hajamaliza kazi. Wanaoimaliza ni bakteria. Wapo walio na kimeng'enya kinachopachika oksijeni mbili kwenye duara na kuing'oa nitro, kisha duara lenyewe likapasuliwa na kuliwa. Lakini hao wanataka oksijeni, na kilindi cha ziwa letu hakina.

Mlango huohuo wa elektroni ndio tunaoutumia kuipima. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuigeuza kuwa anilini kwa bati na asidi, akaongeza nitraiti kwenye barafu, kisha kemikali iitwayo nafthalen-2-oli, akapata rangi ya machungwa iliyoiva. Kipimo hicho kinatufaa kwa kutambua, ila hakiwezi kuitenganisha na anilini iliyokuwapo tangu mwanzo. Kwa kiasi kidogo kilichomo kwenye maji ya kunywa tunahitaji kromatografia ya gesi, inayotenganisha kila kemikali na kuipima peke yake.

Kwa hiyo, mnapoleta sampuli maabara kutoka mwaloni au kisimani, msitumie chupa ya soda ya plastiki. Tumieni chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, ijazwe hadi mdomoni, ikae kwenye barafu bila kuganda, ifike haraka. Zikipita siku 7 kabla ya kuichakata, majibu yake hatuyaamini. Na kwenye fomu ya maombi andikeni vipimo viwili, cha nitrobenzeni na cha anilini.