Kusafisha mapafu maana yake nini hasa?

Kuna fundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani kwetu, kila jioni akifunga kazi lazima apite dukani achukue pakti ya maziwa, anaimaliza palepale kasimama, akitupa pakti tu anawasha sigara. Ukimuuliza anakujibu maziwa yanasafisha kifua. Na sio yeye peke yake, mafundi rangi wanaamini hivyohivyo, wa mashine za kusaga nao vilevile. Mimi na maziwa sina ugomvi, ni chakula kizuri, ila maziwa ukiyameza yanaenda tumboni na ule moshi ulipita njia nyingine kabisa. Tone moja tu likikosea njia likaelekea kwenye mapafu unapaliwa mpaka machozi yanakutoka, sasa hapo kusafisha kuko wapi?

Tatizo ni lile neno lenyewe, kusafisha. Mtu akilisikia anapata picha ya sinki, unamwaga kitu juu uchafu unatokea chini. Mapafu hayana tundu la chini. Hewa inapoingilia ndipo inapotokea, kwahiyo uchafu uliofika kule ndani hauna ujanja, lazima upandishwe mpaka kooni, na kazi hiyo ya kuupandisha mwili unaifanya usiku na mchana toka umezaliwa bila wewe kuambiwa.

Iko hivi. Njia za hewa kwa ndani zimepakwa ute mwembamba unaonata, vumbi na vijidudu vikiingia vinanasa pale kama ndege kwenye ulimbo. Chini ya huo ute kuna vijinywele vidogo mno, kwa macho huvioni, vinapiga kama makasia kwa mpangilio, mara 10 mpaka 20 kwa sekunde moja, na kila vikipiga vinausukuma ute kwenda juu. Ukifika kooni unaumeza, basi, yameisha, wala hujui kama kuna kitu kimepita. Hayo ndio mapafu yanayojisafisha. Belghamu, au makohozi kama wengi tunavyoita, ni ute huohuo ila umezidi na umekuwa mzito hadi vijinywele vimeshindwa kuubeba, ndio kikohozi kinaitwa kuja kusaidia.

Sasa moshi wa sigara unaharibu pande zote mbili, ute unaongezeka maana njia za hewa zimekereka muda wote zinajikinga, halafu wapandishaji wenyewe wanalegea, vijinywele vinapunguza kasi na mtu akivuta miaka mingi vinakuwa vifupi na vingine vinakufa kabisa. Mzigo mkubwa wabebaji wachache. Wavutaji wenzangu wa zamani mnakijua kile kikohozi cha asubuhi, unaamka unakohoa mpaka jirani anajua umeamka, halafu unavuta ile sigara ya kwanza unasikia kifua kimetulia unasema aah, hii ndio dawa. Usiku kucha hukuvuta, vijinywele vikapata nafuu kidogo vikaanza kazi, sigara ya asubuhi ikavilaza tena. Huo ndio utulivu wenyewe, kazi imesimamishwa.

Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Mtu anaacha sigara, wiki ya pili au ya tatu kikohozi kinazidi, anatoa makohozi ya kahawia ambayo hata siku anavuta hakuwahi kuyaona, anashtuka, na washkaji wanamwambia si unaona, mwili umeshazoea fegi, kuacha ghafla ni hatari. Anarudi. Haiwapati wote hiyo hali, ila mimi ilinipata na nusura nirudi. Kumbe vijinywele vinaamka vinaanza kupandisha mzigo uliolala. Shirika la Afya Duniani wanasema kikohozi na kukosa pumzi vinapungua kati ya mwezi 1 na miezi 9 baada ya kuacha, kwahiyo ukikohoa wiki ya tatu bado uko ndani ya muda kabisa.

Arosto nayo ni kitu kingine, watu wanachanganya. Arosto ni nikotini inakudai, hasira, usingizi hauji, mate yanajaa ukiona mtu kashika kipisi. Inauma zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, wengi ndani ya wiki 4 inakuwa imeshapoa. Hamu yenyewe ikikupanda inadumu dakika chache tu, tembea, kunywa maji, tafuna kitu. Zipo plasta na bigijii za nikotini, toka 2009 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya hilohilo Shirika la Afya Duniani, ingawa sio kila famasi utazikuta.

Turudi kwenye makohozi, unayatoaje bila kujiumiza? Kukohoa kwa fujo kunachosha na koo linachubuka. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wana njia yao nzuri sana, mimi naiita pumzi ya miwani. Unakaa wima, unapumua taratibu kidogo utulie, unavuta hewa ndefu unaishikilia sekunde 2 au 3 unaiachia, unarudia mara 3 hivi, halafu unavuta hewa ya kawaida na kuitoa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, HAAH, vile unavyopulizia kioo cha miwani kabla hujakifuta. Usibane koo. Utasikia kitu kinakwaruza kinapanda, kikifika juu ndio unakohoa mara moja unatema. Ukisikia kizunguzungu pumzika. Na maji unywe ya kutosha, ute mkavu haubebeki.

Kujifukiza je? 2020 wakati wa corona tulijifukiza mpaka mashuka yakabadilika rangi. Mvuke unalegeza pua na koo, raha unaisikia kweli, ila lami ya sigara kule chini haifuati mvuke, na masufuria ya maji ya moto yamewaunguza watu hasa watoto. Tangawizi na asali vinalainisha koo, kunywa, ila muuzaji akikwambia chupa yake inasafisha mapafu kwa siku 7 muulize inapitia wapi. Halafu hii tabia ya kukimbilia amoxi kila ukiona kohozi la njano tuiache, rangi peke yake haithibitishi kwamba ni bakteria. Na syrup za kuzima kikohozi zinazuia kitu unachokihitaji.

Nisiwadanganye lakini, sio kila kitu kinarudi. Vile vifuko vidogo vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, vikishapasuka havishonwi, na weusi mwingine unabaki kwenye nyama ya mapafu miaka na miaka. Unachopata ni uharibifu kupunguza kasi, vijinywele kupona, na hatari ya kansa ya mapafu kushuka mpaka kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, hiyo ni baada ya miaka 10. Anayeacha na miaka 30 anapata zaidi ya anayeacha na 60, ila hata huyo wa 60 anapata.

Na kuna mtego mmoja. Ukishajua kwamba kukohoa baada ya kuacha ni kawaida, unaweza kukaa na TB ndani ukisema mapafu yanajisafisha. Wavutaji wanapata TB kirahisi kuliko wasiovuta. Kikohozi kikifika wiki 2 kapime, na kama kuna damu, jasho la usiku, homa au nguo zinakupwaya, wala usisubiri hizo wiki 2. Tanzania kipimo cha TB kwenye hospitali za serikali ni bure. Mimi nilienda, nikapewa kikopo, nikajikamua pale nje nikapeleka, dada wa maabara akakiangalia akanirudishia, "kaka haya ni mate." Nikarudi kwenye benchi nikapiga pumzi ya miwani mara tatu, HAAH, watu wananishangaa, la tatu likapanda lenyewe zito la kijivu. Majibu yalikuja sina TB.