Seax: mgongo wa chuma laini, makali ya feleji

Karibu kila anayeniagiza seax hunitumia picha ya kisu kinachong'aa, kilichochongwa kutoka bamba moja la feleji ya kiwandani. Kisu cha namna hiyo hukata vizuri na sina ugomvi nacho. Ila seax za wahunzi wa Kisaksoni na wa Kifranki nyingi zilikuwa vyuma viwili vilivyoungwa motoni: mgongo wa chuma laini, na chini yake ukanda wa feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kushika matiko (kuwa kigumu kikipashwa moto na kutoswa). Mimi naona umbo zima la kisu hiki linatokana na kiungo hicho, na ndiyo maana nakifua kwa njia hiyo ingawa inachosha.

Kwa asiyeijua, seax ni kisu chenye makali upande mmoja kilichotumika kaskazini-magharibi mwa Ulaya kwa karne nyingi, kuanzia karibu karne ya 5 hadi ya 11. Vingi vilikuwa visu vya kazi za kila siku. Vingine vilikuwa virefu kama panga. Seax mashuhuri kuliko zote ni ile ya Beagnoth, iliyopatikana mwaka 1857 kwenye Mto Thames, eneo la Battersea, na sasa iko British Museum, London. Urefu wake ni karibu sentimita 72, na kati ya hizo 17 hivi ni msuka peke yake, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini. Ubavuni ina herufi 28 za runi, maandishi ya kale ya kaskazini mwa Ulaya, pamoja na jina Beagnoth, zote zimeandikwa kwa nyaya za shaba na fedha zilizogongwa ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye chuma. Anayetaka kujua umbo halisi aitazame hiyo, asitazame bendera ya Essex, kaunti ya Uingereza. Seax tatu zilizoko kwenye bendera ile zimepinda kama vitara, na mgongoni zina pengo ambalo mimi sijaliona kwenye seax yoyote iliyofukuliwa ardhini.

Kwenye seax ya Beagnoth utaona: makali yamenyooka moja kwa moja hadi nchani. Mgongo unakwenda sambamba nayo, kisha ghafla unakatika kwa mshazari na kushuka kukutana nayo.

Tanuri la udongo la zama hizo lilitoa bonge la chuma lililojaa mavi ya chuma (takataka za kuyeyushia), na sehemu kubwa ya bonge hilo ilikuwa laini. Ni ufundi wa ukoo mmoja na ule wa matanuri ya Wafipa na Wahaya. Feleji ilipatikana kwa taabu, kwa hiyo mhunzi aliiweka pale tu panapokata. Visu vilivyofukuliwa Coppergate, mjini York, kati ya 1976 na 1981 vilipochunguzwa vilionyesha mbinu zaidi ya moja: vingine vina ukanda wa feleji ulioungwa chini ya mgongo wa chuma, vingine vina feleji katikati na chuma laini pande zote mbili. Mimi hupendelea ule wa kwanza.

Chuma cha mgongo ndicho kigumu kukipata. Chuma cha zamani chenye nyuzi hakitengenezwi tena kwa biashara. Huko Uingereza kiwanda cha mwisho kilifungwa katika miaka ya 1970. Natumia vipande vya minyororo ya nanga na mageti ya kale. Kukijaribu ni rahisi: kikate nusu kwa msumeno, kisha ukikunje. Chuma cha kisasa huvunjika uso mmoja, cha zamani hufunguka nyuzi nyuzi kama muwa. Kwa makali natumia tupa kuukuu. Wengi hukimbilia springi za gari kwa sababu zinapatikana kila gereji, lakini springi nyingi zina kromiamu, na kromiamu huota utando unaozuia vyuma kushikana. Tupa ya kawaida haina shida hiyo. Saga kwanza meno yake yote yaishe, maana yakibaki yatahifadhi uchafu ndani ya kiungo.

Kuunga ndiyo roho ya kazi. Ukingo wa feleji unaotazama chuma naufanya uwe na tumbo kidogo, ili vyuma viguse katikati kwanza na uchafu upate njia ya kutokea pembeni. Makaa ya miti yawe mengi na yenye kina, hewa ya mvukuto imalizwe na makaa kabla haijagusa chuma. Ikikigusa, kinaota magamba na hakiungi. Chuma kikiwa chekundu nanyunyizia boraksi. Wazee wa Ulaya walitumia mchanga safi, ambao ukichanganyika na magamba huyeyuka na kutiririka. Kisha nasubiri. Ugumu uko hapa: chuma laini kinataka moto mkali zaidi, wakati feleji huungua mapema. Kwa hiyo mgongo naulaza upande wenye moto mkali, feleji upande wa pembeni. Uso ukishakuwa na rangi ya njano inayokaribia weupe na ukaonekana umelowa, wakati umefika. Ukiona cheche nyeupe zinaruka kutoka kwenye feleji umechelewa, na kilichoungua hakirudishiki.

Mapigo ya kwanza yawe mepesi na ya haraka, kuanzia katikati kwenda mwisho. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka yatachuruzika na kuruka, vaa miwani na aproni ya ngozi. Sauti ya nyundo hubadilika kiungo kikishika: mwanzoni unasikia vipande viwili vikigongana, baadaye unasikia chuma kimoja. Narudia moto mara moja au mbili kabla ya kugonga kwa nguvu.

Umbo sasa. Kisu cha kawaida ningekipa ncha kwa kukunja makali yapande juu. Hapa ukanda wa feleji umenyooka, na kuukunja ni kukijaribu kiungo bila sababu. Basi nakata kona ya mgongo kwa mshazari. Kinachopotea ni chuma laini tu, na feleji inabaki nzima hadi nchani. Tazama tena seax ya Beagnoth ukiwa na hilo kichwani.

Kabla ya kukonda makali, pinda kisu kidogo kuelekea upande wa makali. Kila pigo la nyundo linalokonda makali linayarefusha, nayo yakirefuka yanaisukuma ncha iinuke kuelekea mgongoni. Ukikadiria vizuri, kisu kinanyooka chenyewe kadiri unavyogonga. Msuka naufua mrefu, unaokonda taratibu.

Kabla ya matiko, kipashe moto na ukiache kipoe hewani mara tatu, kitulie. Halafu fanya kazi penye giza kidogo uone rangi, na uwe na sumaku karibu: karibu nyuzi 770 za Selsiasi chuma huacha kuvutwa. Ongeza joto kidogo tu kupita hapo, kisha kitose kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Maji ni ya kasi mno kwa feleji ya tupa, yanaweza kuipasua. Jaribu kwa tupa nyingine: ikiteleza juu ya makali bila kuuma, matiko yameshika. Siku hiyo hiyo kiweke kwenye oveni nyuzi 200 hadi 230 kwa saa moja, mara mbili, ugumu wa kuvunjika upungue.

Mpini ni mti mgumu au pembe. Toboa tundu jembamba, funga kisu kwa kitambaa kibichi, pasha ncha ya msuka na uusukume ujichomee nafasi yake. Seax nyingi hazikuwa na kikinga mkono wala ribiti.

Ukishanoa kwenye kinoo, pitishia siki ya moto. Feleji itageuka nyeusi, chuma kitabaki cha kijivu na nyuzi zake zitajitokeza, na mstari wa kiungo utaonekana kutoka kwenye mpini hadi kwenye mshazari wa ncha. Ukiona uzi mweusi mwembamba umeingia ndani ya mstari huo, upitie kwa ukucha. Ukucha ukikwama, hapo pana ufa, kisu hicho usimuuzie mtu. Anayeanza afue kwanza kisu cha sentimita 10, maana kiungo kifupi huingia chote motoni kwa mara moja.