Kitunguu hakiyeyushi keloidi
Wengi wameambiwa kwamba kitunguu kikipondwa na kupakwa kila siku huyeyusha keloidi, lile kovu linalovimba na kutambaa nje ya mipaka ya kidonda. Kuna chembe ya ukweli. Kwesetini, kemikali iliyomo kwenye kitunguu maji, hupunguza kasi ya seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayojenga kovu. Lakini hiyo ni maabara, ambako seli huloweshwa moja kwa moja kwa kipimo kinachojulikana. Keloidi ya sikioni ni ngumu kama mpira; maji ya kitunguu hayapenyi humo.

Kitunguu saumu kibichi ndicho kibaya zaidi. Kikifungiwa kwa plasta hata saa chache huunguza ngozi, na kwa mwenye asili ya keloidi, jeraha jipya laweza kuzaa nyingine. Kuikata keloidi tu bila tiba ya ziada nako mara nyingi huirudisha, pengine kubwa kuliko ya kwanza.

Hospitalini huchomwa sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki 4 hadi 6. Dawa iingie ndani ya kovu lenyewe. Ikipita chini yake, mafuta yaliyo chini ya ngozi huyeyuka na kuacha kibonde.