Mke wa mwanadiplomasia halipwi kwa kuolewa

Kigoma tuna balozi ndogo mbili, ya Burundi na ya Kongo, kwa hiyo habari za wanadiplomasia hazikosi vijiweni Mwanga. Inayorudiwa zaidi ni hii: ukiolewa na mwanadiplomasia umeukata, serikali inakulipa na polisi hawakugusi.

Mshahara ni wa aliyeteuliwa. Mwenza wake mara nyingi huacha kazi nyumbani, na huko aendako haajiriwi hivi hivi. Nchi nyingi hutaka kwanza makubaliano kati ya serikali mbili, kisha kibali. Akiwa nesi au mwalimu, huenda cheti chake kisitambuliwe. Akishazoea, wanahamishwa, anaanza upya. Marekani ilifungua ofisi ya kuhudumia familia hizo mwaka 1978: ajira, shule za watoto, hata ndoa ikivunjika.

Kinga ndiyo inayochanganya watu zaidi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaikinga familia ya mwanadiplomasia wa ubalozi, isipokuwa, pamoja na mengine, kesi ya madai inayotokana na kazi au biashara binafsi. Balozi ndogo kama hizi zetu zina mkataba wao, wa 1963, nao ni mbahili: konseli, yaani ofisa wa balozi ndogo, anakingwa asishtakiwe kwa shughuli za kikazi tu, na familia yake haimo kabisa katika kinga hiyo. Kwa hiyo mke wa konseli akichukua dagaa kwa mkopo pale Kibirizi asilipe, anashtakiwa kama mimi.