Kwa nini mtoto mwingine hujipanda mwenyewe ili asimame?

Mwambie mtoto wa miaka minne aliyekaa mkekani aje achukue chungwa. Wengi huruka tu wakafika. Huyu mmoja anageuka kifudifudi kwanza, anaweka viganja chini, ananyanyua makalio, kisha mkono mmoja unahamia gotini. Wa pili unafuata. Anajisukuma mapajani, kidogo kidogo, mpaka kifua kinanyooka, kama mtu anayekwea mnazi, ila mnazi wenyewe ni miguu yake.

Daktari William Gowers wa London aliueleza mwinuko huo mwaka 1879, na hadi leo unaitwa ishara ya Gowers. Misuli ya nyonga na mapaja imedhoofika, kwa hiyo mikono inaifanyia kazi yake. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa kurithi uitwao Duchenne, jina la daktari wa Ufaransa aliyeuchunguza katika miaka ya 1860. Humpata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa. Wasichana ni nadra sana.

Ndani ya kila uzi wa msuli kuna protini iitwayo distrofini. Inashikilia ngozi ya nje ya uzi huo isichanike msuli unapokaza na kulegea, kama mshono imara kwenye gunia la mahindi. Mtoto mwenye Duchenne hana mshono huo. Kila anapokimbia, na hasa anaposhuka ngazi, nyuzi zinachanika. Mwili hujaribu kuziba, lakini miaka inavyokwenda, mafuta na kovu vinakaa mahali pa msuli.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotezwa. Vigimbi vya mtoto huyu huwa vinene na vigumu, na jirani atasifu: huyu atakuwa mcheza mpira! Sehemu kubwa ya unene huo si nguvu. Baadaye anaanza kutembea kwa ncha za vidole, tumbo limetangulia, mwili unayumba kama bata. Tumbo hutangulia kwa sababu anaegemea nyuma ili uzito usimwangushe nyonga zilizolegea. Vidole navyo, pamoja na kano ya kisigino iliyokaza, vinamsaidia kufunga goti lisikunjike. Kwa hiyo kuikata kano hiyo ili kisigino kishuke, bila kujua ugonjwa, kunaweza kumnyang'anya mtoto hatua alizobakiza.

Si kila mtoto anayejikwaa ana Duchenne. Ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, kwa mfano, unashika neva, si msuli, na huanzia nyayoni: mguu unaning'inia mbele, mtoto ananyanyua goti juu sana ili vidole visikwaruze ardhi. Wa Duchenne huanzia nyongani.

Nina uchungu na namna mama wanavyolaumiwa. Jeni ya distrofini, yaani maagizo ya kurithi ya kuitengeneza, iko kwenye kromosomu X, kimoja cha vifurushi vya jeni ndani ya seli, na mvulana huipata X yake kwa mama. Lakini mama hakuchagua, mara nyingi hana dalili yoyote, na karibu theluthi moja ya watoto hawa kosa la jeni limezuka kwao tu, halimo kwa mama. Hakuna laana hapo, wala mtoto si mvivu. Kumlazimisha kukimbia au kupanda ngazi ili apate nguvu kunazidi kuzichana nyuzi zile zile.

Kipimo cha kwanza ni damu tu. Mnaweza kuomba kipimo cha CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyochanika. Kwa watoto hawa hupanda mara kumi na zaidi ya kawaida. Vimeng'enya viwili tulivyozoea kuviita vya ini navyo hupanda, kwa kuwa vimo pia kwenye misuli, na kuna watoto waliotibiwa ini lisilo na kasoro huku miguu ikisubiri. Dawa za jamii ya steroidi, zikianzwa mapema chini ya uangalizi wa daktari, huongeza miaka ya kutembea. Bila dawa, wengi huacha kutembea kabla ya kufika miaka 13.